Maradhi ya zizini yanavyoweza kugeuzwa silaha dhidi ya taifa

UKIPANDA matatu pale Muthangari ukafuata barabara ya Waiyaki kuelekea Kangemi na Uthiru, utapita karibu na maabara ya mifugo ya Kabete. Wengi wetu hupita hapo asubuhi na jioni bila hata kugeuza shingo. Mawazo yako kwenye msongamano wa magari, kodi ya nyumba na karo ya watoto. Habari za ng'ombe na nguruwe, twasema, ni za watu wa mashambani.

Hata hivyo, ni huko Kabete ambako baadhi ya maradhi ya mifugo yanayoogopwa mno duniani yalichunguzwa na kuelezwa kwa mara ya kwanza. Mwaka 1921 daktari wa mifugo R. Eustace Montgomery alichapisha maelezo ya homa ya nguruwe ya Afrika, baada ya nguruwe wa walowezi kufa kwa wingi. Mwaka 1931 madaktari Daubney, Hudson na Garnham wakaeleza homa ya Bonde la Ufa, iliyokuwa imeangamiza kondoo katika shamba moja karibu na Ziwa Naivasha. Kuna hata ugonjwa uliopewa jina la mji wetu, yaani ugonjwa wa kondoo wa Nairobi.

Homa hiyo ya nguruwe haikukaa hapa nyumbani. Ilifika Ureno mwaka 1957, ikaingia Georgia mwaka 2007, na mwaka 2018 ikabisha hodi China, nchi yenye nguruwe wengi kuliko nyingine yoyote duniani. Mamilioni ya nguruwe walikufa au wakauawa ili kuuzuia ugonjwa, na bei ya nyama ikapanda mpaka serikali ya China ikalazimika kufungua ghala zake za akiba.

Hakuna ushahidi kwamba kuna mtu aliyeupeleka ugonjwa huo China makusudi. Lakini kisa hicho kinazua swali ambalo wewe na mimi, tulao nyama, maziwa na ugali wa kununua, hatuna budi kulitafakari. Ikiwa ajali inaweza kuitikisa nchi tajiri kiasi hicho, je, ingekuwaje kama adui angekusudia?

Si mambo ya sinema

Huenda ukadhani kwamba kutumia viini vya maradhi dhidi ya mifugo na mimea ni hadithi za kutungwa. Historia inasema vingine.

Katika Vita Vikuu vya Kwanza, jeshi lilitegemea farasi na nyumbu kama linavyotegemea malori leo. Mwaka 1915 daktari mmoja aitwaye Anton Dilger, aliyezaliwa Marekani lakini akiitumikia Ujerumani, alikodi nyumba karibu na jiji la Washington. Humo akakuza viini vya kimeta na vya ugonjwa mmoja hatari wa farasi. Shabaha ilikuwa wanyama waliokuwa wakisubiri kupakiwa melini kwenda kuwasaidia Waingereza na Wafaransa.

Katika Vita Vikuu vya Pili, Uingereza nayo ilitengeneza vipande milioni 5 vya malisho vilivyotiwa viini vya kimeta, ili ikihitajika virushwe kwenye malisho ya ng'ombe wa Ujerumani. Havikutumika, na baada ya vita viliteketezwa. Lakini kisiwa cha Gruinard huko Scotland, ambako kimeta kilijaribiwa kwa kondoo kuanzia mwaka 1942, hakikutangazwa salama mpaka mwaka 1990. Karibu miaka 50 ilipita kabla watu kuruhusiwa kukanyaga tena kisiwa kile!

Wakati huo huo Marekani na Kanada zilikuwa zikitengeneza chanjo ya sotoka katika kisiwa cha Grosse Île, kwa hofu kwamba adui angeuleta ugonjwa huo katika mifugo yao. Baada ya vita Marekani ilihifadhi akiba ya viini vya kutu ya ngano, ugonjwa unaokausha ngano ikiwa bado shambani. Mpango huo ulivunjwa mwaka 1969. Mwaka 1972 mataifa yakaanza kutia saini mkataba wa kupiga marufuku silaha za viini vya maradhi, nao ukaanza kutumika mwaka 1975. Kenya ni mojawapo ya nchi zilizojiunga.

Kwa nini mataifa makubwa yalihangaika na ng'ombe na ngano ilhali yalikuwa na mizinga na ndege za kivita? Jibu ni rahisi. Askari hapigani na njaa, na serikali haitawali watu wasiokuwa na chakula.

Kisa cha hapa kwetu

Usidhani kwamba mambo haya ni ya Wazungu peke yao. Mojawapo ya visa vinavyotajwa sana na wataalamu wanaofuatilia mashambulizi ya aina hii kilitokea hapa Kenya.

Ilikuwa mwaka 1952, mwaka ule ule ambapo serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari. Katika kituo kimoja cha misheni, ng'ombe 33 walipatikana wametiwa sumu. Uchunguzi wa madaktari wa mifugo ulionyesha kwamba sumu yenyewe ilikuwa utomvu wa mmea wa kienyeji, mmea ambao wazee wengi waliujua kwa ukali wake. Walioshukiwa ni wapiganaji wa Mau Mau. Habari za kisa hicho zilichapishwa mwaka uliofuata katika jarida la madaktari wa mifugo.

Kuna mambo mawili ya kuzingatia hapa. La kwanza, upande wa pili nao haukuwa na mikono misafi. Serikali ya kikoloni ilitwaa ng'ombe na mbuzi wa vijiji vilivyoshukiwa kuwasaidia wapiganaji, na ikalazimisha watu kuchimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili waliokuwa ndani wakose chakula. Pande zote mbili zilijua kwamba ukitaka kumnyong'onyeza mtu, gusa zizi lake na ghala lake.

La pili, utomvu ule ulikuwa sumu tu. Ng'ombe aliyetiwa sumu hakuweza kumwambukiza mwenziwe, na kwa hivyo hasara iliishia zizini mle mle. Kiini cha maradhi hakina adabu hiyo. Kikishaingia kwa mnyama mmoja huzaana, kikapanda lori la mifugo, kikafika sokoni, na kutoka hapo kikaenda kila upande. Hapo ndipo penye hatari hasa.

Mfano mwingine unatoka kusini mwa bara letu. Kati ya mwaka 1978 na 1980, wakati vita vya ukombozi vilipokuwa vimepamba moto huko Rhodesia, ambayo sasa ni Zimbabwe, kimeta kilizuka na kusambaa kwa namna ambayo haikuwa imeonekana. Watu zaidi ya 10,000 waliugua na wapatao 182 wakafariki. Ng'ombe wengi walikufa, na walioumia zaidi ni wakulima Waafrika, ambao mali yao yote ilikuwa zizini. Mpaka leo wataalamu wanabishana. Wapo wanaoshuku kwamba majeshi ya serikali ya walowezi yalihusika. Wengine wanasema kwamba vita vilikuwa vimeangusha huduma za mifugo, chanjo zikakoma, na ugonjwa ukapata mwanya.

Msomaji, tafakari juu ya ubishi huo. Zaidi ya miaka 40 imepita na bado haijaamuliwa kama ni mkono wa mtu au ni uzembe wa vita. Kwa mwenye ng'ombe, matokeo yalikuwa yale yale.

Hasara huvuka zizi

Tunapozungumzia hasara, wengi huhesabu mizoga. Kufanya hivyo ni kama kuhesabu hasara ya moto kwa kutazama kijiti cha kiberiti. Hasara huja kwa mawimbi matatu.

Wimbi la kwanza ni lile la wanyama na mimea inayokufa. Wimbi la pili ni gharama za kuuzuia ugonjwa, yaani chanjo, karantini, madaktari, askari wa vizuizi na fidia kwa wafugaji. Wimbi la tatu, ambalo mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote, ni kufungwa kwa masoko.

Chukua mfano wa Uingereza mwaka 2001. Ugonjwa wa miguu na midomo uligunduliwa mwezi Februari katika kichinjio kimoja, lakini kufikia hapo ulikuwa umesambaa chini kwa chini kwa wiki kadhaa. Wachunguzi waliufuatilia mpaka kwenye shamba moja la nguruwe waliolishwa mabaki ya chakula yasiyochemshwa. Kabla haujazimwa, wanyama zaidi ya milioni 6 walikuwa wamechinjwa. Wengi wao hawakuwa wagonjwa hata kidogo, bali waliuawa ili kuukatia ugonjwa njia. Hasara yote ilikadiriwa kufikia pauni bilioni 8. Sehemu kubwa ya fedha hizo haikupotea mashambani. Ilipotea katika hoteli na biashara za watalii, kwa kuwa vijia vya mashambani vilifungwa na wageni wakakaa kwao. Hata uchaguzi mkuu uliahirishwa kwa mwezi mmoja.

Hayo yalifanyika katika nchi tajiri, kwa bahati mbaya, na kwa ugonjwa ambao kwa kawaida hauwadhuru binadamu. Sasa turudi nyumbani.

Mwishoni mwa mwaka 2006 mvua kubwa ilinyesha kaskazini mashariki mwa Kenya, mbu wakazaana, na homa ya Bonde la Ufa ikazuka tena. Kufikia katikati ya mwaka 2007 zaidi ya Wakenya 150 walikuwa wamefariki. Soko la mifugo la Garissa lilifungwa na uchinjaji ukapigwa marufuku katika sehemu zilizoathirika. Hapa Nairobi, mamia ya kilomita kutoka Garissa, wateja walianza kuogopa nyama nyekundu, na wengi wakageukia kuku na samaki. Mwenye bucha alikosa mauzo. Mchoma nyama alikosa kazi, na dereva wa lori la ng'ombe akalaza lori lake. Mfugaji alikosa karo. Watafiti walikadiria hasara kwa uchumi wa Kenya kuwa zaidi ya shilingi bilioni 2.

Usisahau kwamba kilimo huleta takriban moja kwa tano ya pato la taifa letu, bila kuhesabu viwanda na biashara zinazokitegemea. Majani chai, maua, mboga, kahawa na parachichi ndivyo vinavyotuletea fedha za kigeni za kununulia mafuta na dawa za hospitali. Mnunuzi wa Ulaya akishuku tu kwamba shehena ina mdudu au kiini cha ugonjwa, huirudisha au kuiteketeza. Mfanyakazi wa shamba la maua Naivasha anayefukuzwa kazi hatauliza kama mdudu huyo aliletwa na upepo au na adui.

Kama unataka kujua mwisho wa mambo haya, itazame miaka ya 1890. Sotoka iliingia Afrika kupitia Eritrea mwaka 1887, ikiwa imeletwa na ng'ombe waliotoka ng'ambo, na baada ya miaka michache ikafika nchi ya Wamaasai. Ng'ombe walikufa karibu wote. Ikaja ndui, ikaja njaa. Reli ilipofika mahali paitwapo leo Nairobi mwaka 1899, jamii iliyokuwa ikiogopwa na misafara yote ilikuwa imepigwa magoti tayari, na ardhi yake ikachukuliwa kwa urahisi. Hakuna aliyepanga. Lakini ng'ombe walipoanguka, utawala wa watu juu ya nchi yao ulianguka pamoja nao.

Uvumi nao ni sumu

Kuna jambo jingine ambalo wataalamu wanaliogopa. Mtu mwenye nia mbaya hahitaji kuwa na kiini chochote. Anaweza kutumia maneno tu.

Mwezi Machi 1989 mtu asiyejulikana alipiga simu katika ubalozi wa Marekani nchini Chile, akadai kwamba zabibu za nchi hiyo zimetiwa sumu. Wakaguzi walipata dalili za sumu katika zabibu mbili. Naam, punje mbili! Marekani ikazuia matunda ya Chile, maduka yakayaondoa rafuni, na wakulima wakapata hasara ya mamia ya mamilioni ya dola. Mwezi Mei 2005 barua ilifika katika ofisi ya waziri mkuu wa New Zealand ikidai kwamba ugonjwa wa miguu na midomo umeachiliwa katika kisiwa cha Waiheke. Ilikuwa uongo mtupu. Hata hivyo, wanyama wa kisiwa hicho waliwekwa chini ya ulinzi na kukaguliwa kwa wiki kadhaa, na thamani ya fedha ya nchi hiyo ikayumba habari zilipotoka.

Hapa Nairobi tuliionja hofu hiyo mwezi Oktoba 2001. Wakati huo Marekani ilikuwa ikitishwa na barua zenye unga wa kimeta. Ikatangazwa kwamba barua moja iliyotumwa hapa kutoka Marekani imepatikana na viini vya kimeta. Habari hizo zilizunguka dunia nzima kwa muda wa saa chache. Baadaye vipimo vya uhakika vilionyesha kwamba barua ile haikuwa na kimeta. Lakini kabla ya hapo, wengi walikuwa wakiogopa hata kufungua sanduku la posta.

Na si lazima kwenda mbali. Mwishoni mwa mwaka 2024 serikali ilipotangaza mpango wa kuchanja ng'ombe milioni 22 na mbuzi na kondoo milioni 50, dhidi ya ugonjwa wa miguu na midomo na sotoka ya mbuzi na kondoo, uvumi ulienea haraka kuliko chanjo. Kuna waliosema kwamba chanjo ni njama ya watu wa nje ya kuangamiza mifugo ya Mwafrika. Mfugaji ana haki ya kuuliza maswali na kujibiwa kwa heshima, maana mnyama ni benki yake. Lakini tazama kinaya kilichopo. Kwa kuogopa shambulio lisilokuwapo, mtu huacha zizi lake wazi kwa ugonjwa uliopo.

Mlango ni ule ule

Hili ndilo jambo ambalo ningependa ubaki nalo hata ukisahau mengine yote: ugonjwa unaoletwa na adui na ugonjwa unaojileta wenyewe huingia kwa mlango mmoja. Hakuna kufuli maalumu la adui. Anayetambua dalili mapema, akatoa habari upesi, akapata majibu ya maabara bila kukawia na kuzuia wanyama wasihamishwe, huyo ameuzuia ugonjwa wa kila aina. Anayekawia hushindwa na wa kila aina.

Je, mlango wetu umefungwa sawasawa? Wenye umri mkubwa watakumbuka enzi za majosho ya serikali na afisa wa mifugo aliyefika kijijini kwa pikipiki. Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali iliacha kuwaajiri madaktari wote wa mifugo waliohitimu, na katika miaka ya 1990 huduma nyingi zikaachiwa watu binafsi. Majosho mengi yakakauka. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti, na kila kaunti ina mfuko wake na vipaumbele vyake. Ugonjwa, kwa bahati mbaya, hausomi ramani ya kaunti.

Tatizo jingine ni fidia. Sheria yetu ya magonjwa ya wanyama inamtaka mwenye mnyama atoe habari anaposhuku ugonjwa hatari. Lakini mfugaji anayejua kwamba akisema atafungiwa soko na pengine asilipwe kitu, hushawishika kunyamaza na kumuuza mnyama usiku. Mnyama huyo huenda ndiye anayeishia kwenye sufuria yako. Kwa hivyo unaposikia habari za bajeti ya mifugo, usifungue ukurasa wa michezo. Ni habari za afya yako.

Habari njema ni kwamba tumewahi kushinda. Mbele ya Kabete, ukipita mji wa Kikuyu, kuna Muguga. Huko ndiko Walter Plowright na wenzake walikotengeneza chanjo bora ya sotoka mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kazi hiyo ilimpatia Plowright Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 1999. Sotoka ilionekana mara ya mwisho duniani mwaka 2001, katika nyati wa mbuga ya Meru, hapa hapa Kenya. Mwaka 2011 ulimwengu ulitangaza kwamba ugonjwa huo umetokomezwa. Ni ugonjwa wa kwanza wa wanyama kung'olewa kabisa, kama vile ndui ilivyong'olewa kwa binadamu.

Ushindi huo haukuletwa na chanjo peke yake. Uliletwa na wafugaji waliokubali kuwatoa ng'ombe wao, na wachanjaji waliotembea kwa miguu mpaka mahali pasipo na barabara. Uliletwa pia na watu waliosema ukweli walipoona mnyama mgonjwa. Walinzi wa kwanza wa taifa walikuwa watoto wenye fimbo waliokuwa wakichunga.

Nayo kazi haijaisha. Viini vya sotoka bado vimehifadhiwa katika maabara chache duniani zilizoidhinishwa, na ng'ombe wa leo hawana kinga dhidi yake kwa kuwa chanjo ilisimamishwa. Ndiyo sababu mashirika ya kimataifa yamekuwa yakihimiza viini hivyo viharibiwe au vifungiwe mahali pachache penye ulinzi mkali. Mwaka 2019 maabara ya Pirbright nchini Uingereza iliteketeza akiba yake.

Wewe ufanye nini?

Huenda ukauliza, "Mimi naishi katika nyumba ya kupanga Muthangari, sina hata kuku. Yananihusu vipi?" Yanakuhusu, na kuna mengi unayoweza kufanya.

Kwanza, nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi. Nyama ya bei rahisi inayouzwa gizani huenda imetoka kwa mnyama aliyejifia. Kumbuka kwamba viini vya kimeta ni sugu, na kupika nyama hakuhakikishi kwamba vimekufa.

Pili, chemsha maziwa yasiyopitia kiwandani, hata kama unamjua aliyekuletea. Homa ya Bonde la Ufa, kifua kikuu cha ng'ombe na homa ya kutupa mimba huweza kupita katika maziwa mabichi.

Tatu, ukienda mashambani likizo ya Desemba na kukuta mnyama amekufa ghafla, hasa akiwa amevimba na damu isiyoganda inamtoka puani au mdomoni, usikubali achunwe wala agawanywe. Zuia watoto na mbwa wasimkaribie. Mwiteni afisa wa mifugo ili azikwe ipasavyo au achomwe.

Nne, ukigusa mnyama mgonjwa kisha ukapata kidonda kisichouma chenye ngozi nyeusi katikati, au ukashikwa na homa kali baada ya kuchinja, nenda hospitali mara moja. Mweleze daktari kuhusu mnyama huyo, maana asipojua huenda akakutibu malaria. Kimeta cha ngozi hutibika vizuri kikiwahiwa.

Tano, kama unafuga nguruwe wawili watatu nyuma ya nyumba, kama wafanyavyo wengi huku Kangemi na Kabete, usiwalishe mabaki ya hoteli kabla ya kuyachemsha vizuri. Kumbuka yaliyoipata Uingereza.

Sita, ukisafiri nje ya nchi usirudi na mbegu, miche, matunda au nyama mfukoni. Maafisa wa KEPHIS wanaokagua mizigo pale uwanja wa ndege hawakuonei. Mche mmoja wenye ugonjwa unatosha kuanzisha balaa. Mwaka 2011 ugonjwa hatari wa mahindi ulionekana Bomet, na baada ya muda mfupi ulikuwa umeenea katika sehemu nyingi za nchi, wakulima wengine wakivuna majani matupu.

Saba, ukipokea habari kwamba chakula fulani kimetiwa sumu au kwamba ugonjwa mpya umeletwa na adui, usiipeleke mbele kabla ya kujua imetoka wapi. Uliza ofisi ya mifugo, ya kilimo au ya afya iliyo karibu nawe. Tangu mwaka 2012 Kenya ina kitengo kinachowaunganisha madaktari wa watu na wa mifugo ili washughulikie pamoja maradhi yanayotoka kwa wanyama. Habari ikifika mapema kwa mtu anayehusika husaidia. Ikizungushwa kutoka simu hadi simu huzidisha hofu tu.

Basi kesho, matatu yako itakapokuwa imekwama katika msongamano karibu na Kabete, hebu geuza shingo utazame yale majengo. Wanaofanya kazi humo wanapima damu ya mnyama ambaye wewe hutamwona kamwe, ili chai yako ya asubuhi iwe na maziwa na bei ya kilo ya nyama isikushinde. Hawawezi kupima sampuli ambayo hawakuletewa, wala kutambua ugonjwa uliofichwa. Hapo ndipo wanapokuhitaji wewe, na ndugu yako aliye mashambani, na mwenye bucha unayemjua kwa jina.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu tunauona. Ni mzoga ulioliwa badala ya kuzikwa, mgonjwa aliyeuzwa usiku, na uvumi uliosambazwa kabla ya kuulizwa. Adui, kama yupo, hatahitaji kutoboa ukuta ikiwa ufa huo tutamwachia wazi.